Kuba la Kioo la Sultani Mundhiri

Wamesimulia waliosimuliwa, nami naipokeza kama nilivyopokea, ya kwamba katika mji wa Kaidhurani, ulio chini ya mlima Sumbura, alitawala Sultani Mundhiri bin Ghalibu, na kidoleni mwake mlikuwa na pete ya akiki, na ndani ya pete amefungwa jini aitwaye Harjafu, mwenye kutii kila neno alitamkalo mwenye pete, hazidishi wala hapunguzi. Na Sultani huyu alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na haraka, na haraka haina baraka.

Katika zama zake joto lilizidi mwaka hata mwaka, na mvua za vuli zikapotea, na watu walipoona mashamba yamekauka wakaingia msitu wa Sumbura kwa mashoka na moto. Sultani akaona uchungu, kwa maana aliupenda msitu ule tangu utoto wake, na chemchemi ya mji ilitoka humo. Akaisugua pete, na jini akasimama mbele yake, kichwa kinagusa dari.

"Uhifadhi msitu ule," akasema Sultani. "Asiingie mtu, asitoke mnyama, lisipotee hata jani moja."

Jini akauliza auhifadhi kwa namna gani, na Sultani, kwa kuwa chakula kilikuwa kimekwisha andaliwa, akamjibu kwamba neno kuhifadhi linajulikana hata na watoto. Basi jini akaufunika msitu wote kwa kuba la kioo kisicho na ufa, na mbiu ikapigwa mjini kwamba atakayeligusa atakatwa kichwa.

Miaka mitatu ikapita. Kila asubuhi Sultani alipanda roshani na darubini yake, akawaona wanyama wamejipanga kwenye kioo upande wa juu mlimani, chui kando ya paa na hakuna amdhuruye mwenziwe. Waziri Ghanimu akamweleza kwamba viumbe hao wamekusanyika kumwombea dua mlinzi wao, na Sultani akafurahi, akamvika Waziri joho la hariri.

Na palikuwa na mrina asali jina lake Mfaume, ijapokuwa ufalme wake wote ulikuwa shoka, kamba na mwenge wa kufukizia nyuki. Tangu enzi za babu zake, warina wa Sumbura walimfuata ndege mdogo aitwaye mlembe, ambaye hulia mbele yao kutoka tawi hadi tawi mpaka awafikishe penye nyuki, na mrina akikata asali humwachia ndege sega moja kabla hajalamba kidole. Anayemnyima, wasema warina, siku ya pili mlembe humpeleka kwa chui.

Asubuhi moja Mfaume akamsikia mlembe, akamfuata kwa furaha, kwani hakuonja asali tangu kuba liliposhuka. Ndege akampandisha mlima mpaka kwenye kioo, na nyuma ya kioo, hatua mbili tu, amelala chui. Mfaume akajiuliza ni sega la nani alilosahau. Lakini chui hakuinua hata kichwa, na mbavu zake zilihesabika.

Ndipo mlembe akasema kwa ulimi wa wanadamu: "Mimi nilikuwa nje siku ile, na mke wangu yumo ndani. Joto linapanda mlima, na kila kiumbe chataka kupanda mbele yake kutafuta ubaridi, na kioo kimewazuia. Babu zako wamenifuata kwa ajili ya asali. Wewe nifuate leo bila asali."

Mfaume akaogopa, na hilo sitalificha. Alikaa juu ya jiwe hata jua likapinda, akiwaza kichwa chake na kuwaza masega yote ambayo ukoo wake ulikula kwa hisani ya ndege yule, kisha akateremka mpaka barazani kwa Sultani, akaanguka kifudifudi, akaomba amani, akapewa. Akaeleza aliyoyaona. Waziri akacheka, akasema hata watoto wanajua kwamba wanyama wale wanaomba dua.

"Bwana wangu," akasema Mfaume, "anayekuombea dua hakupi mgongo."

Sultani akaagiza darubini, akatazama kwa muda mrefu, na alichokiona ni mikia. Haya ikamwingia mpaka masikioni. Akaisugua pete, akamshtaki jini kwamba ameiharibu amri.

"Niliuliza, nikaambiwa neno linajulikana," akajibu Harjafu. "Katika mji wako niliona maiti akihifadhiwa. Hufunikwa, wala haendi popote. Nami nikafanya hivyo."

"Na aya je?" akauliza Mfaume. "Mtoto wa chuoni huhifadhi aya, na akihama, huhama nayo."

Jini akakiri kwamba namna hiyo hakuambiwa. Sultani akamwamuru aondoe joto lenyewe, lakini jini akasema hilo halimo katika pete, kwa maana ni moshi wa matanuri ya miji, ya Kaidhurani na ya ng'ambo, na waliowasha ni wanadamu. Kuba aliweza kuliondoa, ila neno la pete likitanguliwa pete huvunjika. Tena juu ya msitu, kutoka genge hadi genge la mwamba, palikuwa na bustani ya makomamanga yenye ukuta, aliyoahidiwa Binti Sultani Badria siku ya kuolewa na mwana wa Waziri, na njia nyingine ya kupanda haikuwapo.

Sultani akamtazama binti yake, aliyekuwa ameketi kando yake barazani. Badria akasema, "Baba, ukuta uvunjwe. Komamanga nimekula ya kutosha."

Sultani akaitangua amri, na pete ikapasuka, na Harjafu akaenda zake bila kuaga. Mwana wa Waziri naye, aliposikia habari ya bustani, akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Kwa siku arobaini wanyama walipita kati ya mikomamanga na kuikanyaga, na tembo wakapanda na mbegu matumboni mwao, kwa kuwa miti haina miguu. Si wote waliofika. Vyura wa manjano wa chemchemini hawakuonekana tena, wala mke wa mlembe. Sultani akazima nusu ya matanuri yake, na kuhusu yaliyobaki duniani akawaandikia masultani wa ng'ambo, na majibu yao yangali yakingojewa.

Mfaume akafanywa mlinzi wa njia ya mlima, akapata mali na heshima, na baada ya miaka miwili Badria akamridhia, na mahari aliyotaja ni sega moja la asali ya juu mlimani. Siku ya harusi likaletwa, na wageni wakalimezea mate, lakini bwana harusi alikata kwanza kipande akakiweka dirishani. Mlembe akaja peke yake, akala, akatazama ndani ya nyumba, kisha akaruka akilia kuelekea kileleni. Badria akavua viatu vyake vya dhahabu akamfuata, asiulize kama kuna asali.

Hapa natua mzigo wangu. Atakaye kukihifadhi kilicho hai, kwanza atazame kimeelekea wapi, na mwenye sega asisahau kipande cha dirishani.