Rumia Aliyezuia Torati Isisomwe

Wamesimulia wazee wa nyumba yetu, nao waliipokea habari hii kwa waliowatangulia, ya kwamba zamani katika milima ya Yemeni palikuwa na mtaa wa Mayahudi, mafundi wa fedha na wafumaji, watu wenye kumcha Mungu. Babu yetu mmoja alikuwa mshona viatu jirani na mtaa huo, na ndiye aliyekileta kisa hiki kwetu. Nakiandika kama kilivyofika, bila kukilainisha, kwa sababu ni kisa cha hasira, na zipo hasira ambazo Mwenyezi Mungu huziridhia.

Watu wale walikuwa na desturi moja katika sinagogi lao. Mtu aliyedhulumiwa, awe tajiri au fukara, mwanamume au mwanamke, alikuwa na haki ya kusimama mbele ya sanduku la Torati siku ya Sabato na kuzuia kisomo. Akishaweka mkono wake juu ya mlango wa sanduku, hakuna awezaye kukitoa kitabu mpaka malalamiko yake yasikilizwe na yeye mwenyewe aridhike. Haki hiyo waliipenda sana kuitaja. Kuitumia hawakupenda.

Katika mtaa huo aliishi Shukri, fundi wa fedha. Enzi za nguvu zake alikuwa msimamizi wa sadaka, na njia yake ilikuwa kuweka mkate na nafaka mlangoni pa mhitaji alfajiri, akabisha, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa, ili mpokeaji asimwone mtoaji. Moshi wa kuyeyushia fedha ulimharibu macho na kifua. Kazi ikamshinda, na yeye na mkewe Rumia wakawa miongoni mwa wanaopewa.

Usimamizi wa sadaka ulikuwa umemwangukia Masaudi, mfanyabiashara wa sufu. Huyu hakuwa mtu mbaya kwa jinsi watu wanavyohesabu ubaya. Kila majira ya baridi alitoa majoho ya sufu kwa maskini wa mtaa, na baridi ya milima ile si ya kufanyiwa mzaha. Lakini Masaudi alichukia kudanganywa. Alisikia kwamba mtu mmoja alipewa joho, akaliuza sokoni, akarudi kuomba jingine. Basi akaamuru kila joho la sadaka lishonwe kiraka cha kijani mgongoni, kipana kama kiganja, ili lijulikane popote liendako. Akamwuliza Mori Yihya, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu na kadhi wao, na Mori akasema, "Ni tahadhari njema. Mali ya maskini ilindwe."

Tangu siku hiyo wenye viraka walizoea kukaa nyuma kabisa katika sinagogi, migongo yao ikiegemea ukuta. Wasiokuwa na viraka wakadhani ni unyenyekevu.

Shukri alipoletewa joho lake, alikipapasa kile kiraka kwa vidole, akalikunja, akaliweka pembeni. Rumia akamwambia, "Baba, utakufa kwa baridi."

"Nililisha mtaa huu bila mtu kujua ni nani amekula," akasema Shukri. "Leo nitangazwe mgongoni?"

Rumia hakubishana naye. Alichukua sindano, akakifumua kile kiraka uzi baada ya uzi, akamvalisha mumewe. Naye akalivaa.

Ijumaa moja, Shukri alikuwa akirudi kutoka kuoga kwa ajili ya Sabato, akiufuata ukuta kwa mkono. Masaudi akakutana naye, akaona mahali uzi ulipotoka.

"Fundi Shukri, alama iko wapi?"

"Mke wangu ameifumua."

"Hivyo hivyo atasema kila anayetaka kuuza. Nipe, likashonwe tena. Utalipata baada ya Sabato."

Shukri alilivua palepale njiani, akampa, akaenda nyumbani na kanzu peke yake, nywele zikiwa bado na maji. Usiku ule kifua chake kikaziba. Rumia alimfunika kwa mikeka na magunia, akalala juu yake kumpa joto la mwili wake. Kulipopambazuka, mumewe alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayekokota jiwe.

Rumia akamwachia jirani amwangalie, akaenda sinagogi. Hakukaa upande wa wanawake. Alivua viatu, akaingia mlango wa wanaume, akapita katikati ya mikeka yao, akaweka mkono wake juu ya mlango wa sanduku.

"Kitabu hakitoki," akasema.

Wapo waliocheka kidogo, kwa kudhani amechanganyikiwa. Mori Yihya akasema, "Binti yangu, nani amekudhulumu?"

"Masaudi. Amemvua mume wangu nguo njiani, na mume wangu anakufa."

Masaudi akasimama. Hakupandisha sauti; alikuwa mtu wa hesabu. "Bibi Rumia, haki ya kuzuia kisomo ni ya aliyedhulumiwa. Wewe hukudhulumiwa, umepewa. Joho lile ni sufu yangu."

"Ulipotoa, liliacha kuwa lako. Au ulikuwa unatuazima?"

"Lina masharti."

"Basi tuambie sharti lenyewe ni nini, Bwana Masaudi. Kwamba tusiwe na baridi, au kwamba tuonekane?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwamba mchana unakwenda. Mwingine akamwambia Rumia kwa upole, "Mama, ni kitambaa tu."

"Ni kitambaa tu? Kivae wewe."

Yule mtu akainamisha kichwa.

Ndipo Masaudi akasema neno lililowatia hofu. "Nisikilizeni. Joho hilo likitoka kwangu bila alama, mwakani sitoi hata moja. Mtaona wenyewe nani atawavisha maskini wenu."

Kutoka nyuma, ukutani, mzee mmoja mwenye kiraka akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Rumia, utatuua kwa baridi kwa ajili ya ulimi wako."

"Ami yangu," Rumia akamjibu bila kugeuka, "wewe unaogopa baridi ya mwakani. Mimi ninaye anayekufa kwa baridi ya jana."

Wote wakamtazama Mori. Huo ndio ulikuwa mtihani wake. Angeweza kusema jambo hili litazungumzwa baada ya Sabato, na wengi wangemshukuru, na mafuta ya taa za sinagogi, ambayo pia yalitoka kwa Masaudi, yangeendelea kuja. Akasimama mbele ya watu. Kisha akasema:

"Alama ile niliiruhusu mimi. Masaudi aliniuliza, nami nikalinda sufu na kumsahau mtu. Hilo ni langu na nitaulizwa. Na sikilizeni jambo jingine. Sehemu ya Torati tunayopaswa kuisoma leo ina sheria ya vazi la maskini: hata ukilichukua kwa haki, kama rehani, umrudishie kabla jua halijatua, maana hana kingine cha kulalia. Ningeisoma kwa sauti tamu. Nanyi mngeitikia. Na joho la Shukri limekunjwa nyumbani kwa mtu aliyekaa safu ya mbele. Ni ibada gani hii?"

Wanasema Mori Yihya alikuwa mtu wa tabasamu, na kwamba siku hiyo uso wake haukutazamika.

"Jua limekwisha kutua mara moja," akasema. "Lirudishwe sasa."

Masaudi akasema, "Leo ni Sabato, Mori. Mtaa wetu haukuzungushiwa ukuta, na pasipo ukuta sheria inakataza kubeba kitu njiani. Nitalibebaje?"

Wengine wakafurahi, wakidhani amepata pa kutokea.

"Sheria inakataza kubeba," akasema Mori. "Haikatazi kuvaa. Nenda ukalivae."

Masaudi akasema polepole, "Lina kiraka. Nimekwisha kulishona."

"Najua. Na sindano haiguswi leo. Vaa kama lilivyo."

Masaudi alimtazama Rumia, na Rumia hakuondoa mkono wake wala macho yake. Masaudi akatoka.

Yaliyompata njiani aliyasema mwenyewe baadaye, na hili nalihesabu kuwa jema lake. Anasema alitembea karibu na ukuta bila kujua kwa nini. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa kibarazani walimwona kwa nyuma, wakaacha mazungumzo mpaka alipopita. Mbele kidogo, bibi kizee akamwita kutoka dirishani: "Ewe ndugu, usione haya, kuna chakula cha Sabato, pita ule." Bibi huyo alikuwa mnunuzi wa dukani kwake, na kila alipoingia alimsalimia kwa jina. Masaudi hakugeuka. Hakuna aliyemtukana njia nzima. Wote walikuwa wema kwake, na anasema wema ule ulimwingia mgongoni kama msumari.

Alimkuta Shukri chini ya magunia. Akalivua joho, akamfunika, akamwinua kichwa ili apumue.

"Ni nani?" akauliza Shukri.

"Masaudi."

Shukri akapapasa mpaka akakifikia kiraka. "Umelivaa mpaka hapa?"

"Nimelivaa."

"Basi sina haja ya kukueleza," akasema Shukri, akafumba macho.

Masaudi akarudi sinagogi. Watu walikuwa wangali wamesimama, na Rumia mkono wake ungali mlangoni pa sanduku.

"Amevaa," akasema Masaudi.

"Na kiraka?"

"Baada ya Sabato nitakifumua kwa mkono wangu. Chake na vya wote."

"Nitakungoja mlangoni," akasema Rumia. Akaondoa mkono wake, akatoka, na Torati ikasomwa. Hakumwambia Masaudi kwamba amemsamehe, wala wazee wetu hawakusema kwamba alikosea kutosema.

Jioni ile Masaudi alipita nyumba kwa nyumba na mkasi. Shukri aliishi mpaka mavuno ya shayiri, akafa kwa kifua kile kile. Wanaosema alipona kabisa wameongeza. Mwaka uliofuata Masaudi alitoa majoho, akinung'unika, na watu wawili wakachukua mara mbili. Akaenda kumwambia Mori, "Umeona?" Mori akamjibu, "Nimeona. Afadhali wawili watudanganye kuliko mmoja avuliwe."

Enyi ndugu, tumekuwa wepesi wa kuwasifu watoaji na wazito wa kutazama migongo ya waliopewa. Mwenye kutoa kisha akataka mpokeaji ajulikane, huyo hakutoa sadaka. Amekopesha, na riba anayoila ni haya iliyo usoni mwa maskini. Mola atuepushe na kuila, na atupe nguvu ya kusimama mlangoni tunapoona inaliwa.