Maji ya Ndoo ya Chini

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyeuza machujio ya maji. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, ndugu zangu, kwa hiyo msimtafute mtu huyo mjini. Hata hivyo nitampa jina, kwa sababu mtu asiye na jina tunamhukumu upesi mno. Aitwe Ezra Chidumizi.

Chujio lake lilikuwa ndoo mbili zilizopandana. Ndani ya ndoo ya juu kulikaa chungu cha udongo uliochomwa. Maji machafu yanamiminwa humo, yanapenya udongo taratibu, na yanadondoka katika ndoo ya chini yakiwa safi. Ndoo ya chini ina koki. Naomba mliweke moyoni jambo moja kabla hatujaendelea: chujio lile lilikuwa zuri. Lilifanya kazi kweli. Ila lilikuwa la polepole. Ukimimina asubuhi, unakunywa mchana.

Siku hizi bidhaa haitangazwi kwa kipaza sauti juu ya gari peke yake. Ezra alimkodi mpiga picha, Danford, mtu mwenye studio yake. Walikuwa wakifanya maonyesho mbele ya watu, na maonyesho hayo yakarushwa mubashara kwenye mtandao, hata mama aliye jikoni kwake akayaona kwa simu. Baadaye Danford alikata vipande vifupi, vile wanavyoviita klipu, navyo vikatembea kutoka simu hadi simu.

Baada ya onyesho la kwanza Danford hakuridhika.

"Bosi, hapa tunaua matangazo," akasema. "Umemimina maji, halafu sote tumekaa tunaitazama ndoo. Nani anatazama ndoo?"

"Udongo unafanya kazi, Danford. Haukimbizwi."

"Basi usiukimbize. Weka maji safi ndoo ya chini kabla sijawasha kamera. Ukishamimina matope juu, fungua koki, kunywa, tabasamu. Wapishi wa televisheni si ndivyo wanavyofanya? Chakula kinaingia kibichi, kinatoka kingine kilichoiva."

Ezra akafikiri. Chujio langu ni la kweli, akajiambia. Maji yatakayotoka baadaye yatakuwa safi vilevile. Kuna ubaya gani?

Nanyi mnasemaje? Kuna ubaya gani? Mpishi wa televisheni huwaambia watazamaji, "Hiki nilikipika mapema." Ezra hakusema. Akachukua maji ya bomba ya pale mjini, akayachemsha, akayapoza, akajaza ndoo ya chini. Danford aliliita jambo hilo kuokoa muda. Mimi nilifundishwa utotoni kwamba kila kitu kina jina lake, na kukiita kwa jina jingine hakukibadilishi. Jina la kitu kile nitalitaja mwisho.

Klipu zikapendwa. Ezra anamimina maji ya dimbwi, anafungua koki, anakunywa. Watu wakamjua barabarani. Na kila onyesho, ndoo ya chini ilijazwa kabla.

Ikafika siku kubwa. Vikundi vya akina mama vya vijiji vingi vilikuwa vimetuma viongozi wao mjini, wakaketi katika ukumbi, na wenzao waliobaki nyumbani wakafuatilia kwenye simu. Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Ninyi mnajua mvua za kwanza zinavyosomba uchafu wote hadi kwenye visima na madimbwi, na mnajua matumbo ya watoto yanavyokuwa mwezi ule. Akina mama wale walitaka kuamua siku hiyohiyo: je, kila nyumba ichukue chujio hili, au wasubiri mwaka mwingine?

Danford alikuwa amemtafuta mteja wa kutoa ushuhuda. Hakumfundisha la kusema, maana hakukuwa na haja. Alikuwa mama wa kijiji nitakachokiita Chinyika, na yeye nitamwita Perisi Ndahani. Chujio lilikuwa nyumbani kwake tangu mwanzo wa kiangazi, na alilipenda. Akapanda jukwaani amebeba dumu, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

"Nimekuja na maji ya kisima chetu," akasema. "Nimeona nikija mikono mitupu mtadhani nimepangwa."

Akamimina kidogo kwenye bakuli la kioo, wote wakaona.

"Hayo ni maji au uji wa ulezi?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka.

"Cheka tu, kaka. Ndiyo tuliyokunywa miaka yote."

Ezra akachukua dumu, akayamimina katika ndoo ya juu, akashika koki. Perisi aliendelea kusimulia, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Wanangu walikuwa hawapiti mwezi bila kuendesha. Tangu nipate chujio hili, matumbo yametulia, nasema mbele za Mungu. Ila chumvi tu ndiyo haitoki. Chumvi ya kwetu imeshindikana. Mgeni akinywa chai ya Chinyika, anauliza kama tumekosea kopo la sukari."

Watu wakacheka tena. Ezra hakucheka. Mkono wake ulisimama juu ya koki.

Alikuwa anaijua bidhaa yake. Udongo ule huzuia tope, huzuia na vijidudu vinavyoleta maradhi. Chumvi imeyeyuka ndani ya maji, nayo hupita pamoja na maji. Na ndani ya ndoo ya chini hapakuwa na maji ya Chinyika. Palikuwa na maji ya bomba, matamu, yamejaa hadi juu.

Mnamwona? Kamera inamtazama. Ukumbi unamtazama. Vijiji vyote vile vinamtazama kwenye simu. Ukiwa wewe, ungefanya nini?

"Mama," akasema, akijaribu kutabasamu, "ngoja leo nianze kunywa mimi."

"Hapana, baba, usinitie aibu. Kwetu mwenye kisima ndiye anayeonja kwanza, ndipo mgeni anapewa. Maji ni yangu. Nipe kikombe."

Angemkatalia vipi? Akafungua koki. Perisi akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

"Polepole, mama, utamaliza bidhaa!" akasema yule wa nyuma.

Perisi akaonja tena, safari hii kidogo, kwa ncha ya ulimi. Akamtazama Ezra.

"Haya siyo maji yetu," akasema.

Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, akaongeza kwa sauti ya chini, "Baba, au mmechanganya madumu?"

Hapo nawaomba msikilize vizuri. Mama yule alikuwa amemfungulia mlango. Ezra angeweza kusema, "Mama, nisamehe. Chujio hili ni la polepole, nikaweka maji ya bomba chini ili watu wasichoke. Maji ya kwenu bado yanapenya udongo, yasubirini." Angeaibika, kweli. Labda wangemcheka hadi jioni. Lakini wangesubiri, na wangeona.

Ezra akasema, "Hili ni toleo jipya, mama. Linaondoa hata chumvi."

Uso wa Perisi ukang'aa. "Hata chumvi? Basi, baba, nibadilishie la kwangu leo hii! Sirudi nalo lile la zamani!"

Watu wakapiga makofi. Ezra akaona amepona. Lakini palikuwa na skrini kubwa ukutani, ambapo maneno ya watazamaji wa mbali yalikuwa yakipita, na mtu mmoja asiyejulikana akaandika: Udongo hauchuji chumvi. Fungua ndoo ya chini. Mwingine akarudia: Fungua ndoo. Kisha yakawa yanashuka maneno hayohayo, fungua ndoo, fungua ndoo, mpaka skrini ikawa haina neno jingine.

Mwenyekiti wa vikundi, Mama Nyemo, akainuka kutoka kiti chake cha mbele. "Bwana Chidumizi, tufungulie tu tuone. Sisi ndio tutakaorudi na habari hii kwa wenzetu."

"Bosi," Danford akanong'ona, "nizime?"

Lakini kulikuwa na kipaza sauti kidogo kwenye shati la Ezra, na mnong'ono ule ukasikika ukumbini, ukasikika na vijijini.

Ezra akainyanyua ndoo ya juu. Ile ya chini ilikuwa imejaa karibu hadi ukingoni.

Nani angeweza kuwaeleza watu chochote baada ya hapo? Wengine walisimama, wengine walizomea, akina mama wakaanza kukusanya mikoba. Ezra alibaki amesimama, ndoo ya juu mikononi mwake. Na katika kelele zile, chini ya ndoo aliyoishika, tone lilikuwa linajitokeza. Likadondoka. Likafuata jingine. Yalikuwa meupe kama machozi.

Perisi peke yake aliyaona. Akakinga kiganja, akapata tone moja, akalilamba.

"Haya ndiyo yetu!" akapaza sauti. "Jamani, njooni! Yana chumvi, haya ndiyo yetu! Chujio linafanya kazi!"

Hakuna aliyegeuka.

Jioni ile klipu ilikuwa imeshafika kila mahali. Aliyeikata simjui. Ilikuwa fupi sana: mama ana kikombe, anasema, "Haya siyo maji yetu," kisha inaonekana ndoo iliyojaa. Basi. Maneno yake ya mwisho, "Haya ndiyo yetu," hayakuwamo. Ezra Chidumizi, aliyekuwa amekata kila kitu kiwe kifupi ili watu wasichoke, alikatwa naye kwa kisu kilekile.

Vijiji havikuchukua machujio. Mvua zikanyesha. Chinyika walikunywa walichozoea kunywa, isipokuwa nyumba moja. Mtoto wa jirani yake Perisi, nyumba zinazotazamana milango, akaugua tumbo, na hakuvuka mwezi ule. Perisi alikuwa amekwenda mara tatu kumwomba mama yake mtoto achote maji kwake. Baada ya maziko alipokwenda kumpa pole, mama yule alimtazama, akamwambia, "Unanilaumu kwa macho, Perisi. Lakini si ulikuwa wewe mwenyewe? Nilikusikia kwenye simu yangu. Ulisema siyo maji yetu."

Ulikuwa ukweli, na Perisi aliusema.

Sasa nawageukia ninyi, ndugu zangu, na mimi nikiwamo. Ezra hakuuza kitu cha uongo. Kama angeuza cha uongo, mfano huu ungekuwa mwepesi, na sote tungerudi nyumbani tukiwa tumefurahi kwamba hatufanani naye. Alikuwa na kitu cha kweli, akaona haya kukisubiri mbele za watu. Nilisema nitalitaja jina. Wengine mtasema ni udanganyifu, na ni udanganyifu. Lakini jina lake la kwanza, kabla halijazaa hilo jingine, ni kutoamini. Mtu yule hakuliamini chujio lake mwenyewe.

Na sisi je?

Mmeiona kamera ile pale kwenye nguzo. Tumeinunua ili ibada zetu zirushwe mubashara, na mimi niliunga mkono. Siichukii kamera; ingekuwa ujinga kuichukia, kama vile kuchukia dirisha. Lakini kamati ya matangazo imeniletea ombi. Jumapili ijayo, mbele ya watazamaji wengi, dada yetu Yunisi Mhongole, ambaye mwaka mzima tumemwombea katika ugonjwa wake, asimame aseme amepona kabisa. Dakika moja, waliniambia, isiyo na mambo ya hospitali, ili ikatwe klipu nzuri ya kuwavuta watu kanisani. Nilipouliza kama amepona kabisa, waliniambia, "Mchungaji, si atapona tu? Tunatangulia kidogo."

Tunatangulia kidogo. Ndugu zangu, hiyo ni ndoo ya chini.

Nilikwenda kwake jana, naye ameniruhusu kusema haya. Bado anakunywa dawa. Anatembea hadi mlangoni, ambapo zamani hakufika. Usiku analala, ambapo zamani hakulala. Hayo ndiyo matone yake. Tukimpa maneno yetu matamu ayaseme, na siku moja jirani akamkuta zahanati, ni nani atakayeamini matone hayo? Na mtoto wa nani atakufa kwa kiu karibu na maji, kwa sababu tuliona Mungu anachelewa mno kwa kamera?

Jumapili ijayo Yunisi atasimama hapa, au ataketi akichoka, na atasema alivyo. Atasema ameomba na bado anaomba. Haitakuwa dakika moja. Watazamaji watakaohama, wahame.

Sasa tukae kimya, tumwombee, bila wimbo na bila haraka. Nawe unayeendesha kamera, usizime. Waache watutazame tukisubiri.