Chombo cha Leenu

Chombo huoshwa, chachu hubaki.

Mmeisikia methali hiyo, mkacheka, sasa mnauliza imetoka wapi. Kaeni basi. Imetoka kwa mtu aliyechoka.

Huko Estonia, nchi ya baridi kando ya Bahari ya Baltiki, wakulima wa zamani walijiita watu wa nchi, basi. Wenye majina makubwa walikuwa mabwana: leo Mjerumani, kesho Mswidi, keshokutwa Mrusi, kila mmoja na amri zake, kana kwamba watu walikaa wakizisubiri.

Hindrek alikuwa mmoja wa watu hao. Mkewe, Leenu, alikufa akamwachia kibanda na chombo cha mti cha kukandia unga wa mkate mweusi. Chombo hicho hakikuoshwa kamwe. Unga ulioganda kutani mwake ndio uliochachusha mkate uliofuata. Leenu alipewa na mama yake, na mama naye alipewa na wake. Hindrek alipoinua kifuniko, ile harufu kali ilimwambia Leenu yupo.

Akaja msimamizi mpya wa shamba la bwana. Akasema vyombo vinanuka. Visuguliwe kwa majivu na maji ya moto, viletwe uani vikaguliwe, asiyeleta, viboko. Mtu ambaye hajawahi kukanda hata tonge!

Hindrek hakubisha. Kuzika kulimchosha, na shamba la bwana lilikula siku zake. Akasugua mpaka mti ukawa mweupe. Mkate wa juma lile ukatoka bapa.

Jirani yake, Kadri, aliingia akaugonga kwa kidole.

"Baba, huu mkate au kizingiti?"

"Nimemwosha Leenu, Kadri. Kwa mikono yangu hii. Wamenichukulia hata yeye."

"Kwani ulipeleka chombo chenyewe?"

"Amri ni amri. Wewe hukupeleka?"

"Nilipeleka hori la nguruwe! Nililisugua likang'aa. Msimamizi akalipapasa, akasema wanawake wote waige mfano wangu."

Hindrek hakuwa amecheka tangu mazishi. Kicheko kilimtoka kama kikohozi.

Kadri akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na donge la unga mbichi, limetutumka.

"Mwaka wa njaa chachu yangu ilikufa. Leenu ndiye aliyenimegea yake. Hii ni ya kwake, jirani. Imerudi nyumbani."

Hindrek aliipokea kwa mikono miwili, akaikanda na unga chomboni. Kesho yake unga ulikuwa umeumuka hadi ukasukuma kifuniko. Akaumega, akapita nyumba kwa nyumba kwa wote waliotii kama yeye, na kila mlangoni akasema maneno yale mliyoyacheka, bila kupaza sauti.

Msimamizi yule aliondoka, akaja mwingine, naye na amri zake. Hao hawaishi, wajukuu zangu, msiwangoje waishe. Lakini watu wa nchi bado wanaoka mkate wao mweusi, na ukiwauliza wamewezaje, watakujibu kama Hindrek: chombo huoshwa, chachu hubaki.