Mchaichai wa Fungate

Paukwa!

Pakawa.

Itikieni vizuri, hamjafiwa.

Hapo zamani za kale, hata bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji. Kijijini humo kila bwana harusi alikaa fungate siku saba nyumbani kwa wakwe. Hatoki, hakatai chakula, na kushuta wakwe wakasikia ni mwiko. Akishindwa, anarudi kwao peke yake.

Machano alimwoa binti wa Mzee Ngwali. Siku ya kwanza kaletewa kunde, kala. Siku ya pili mbaazi, kala. Siku ya tatu kunde na mbaazi, kala, maana mama mkwe alikuwa anachungulia. Siku ya nne tumbo limejaa ndi! Ukiligonga, du, du, kama ngoma.

Siku ya tano hakuweza kukaa wala kulala. Mkewe akalia. Mzee Ngwali akasema kijana ana shetani, arudishwe kwao kabla hajafia humu.

Akaitwa Bi Mwanakheri, kikongwe asiye na meno wala haya. Akambonyeza Machano tumbo, akamtazama usoni, akacheka. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akakata mchaichai, akauponda, akauchemsha, tokota, tokota. Harufu ikajaa ua mzima.

Machano akanywa kikombe. Tumbo likafanya guu, guu. Akabana.

Akanywa cha pili. Guu, guu, guu. Akabana, jasho linamchuruzika.

"Achia, mwanangu."

"Bibi, baba mkwe yuko hapo."

Bi Mwanakheri akageuka. "Ngwali, dawa hii mgonjwa hanywi peke yake. Kunywa na wewe."

Mzee Ngwali naye alikuwa amekula kunde na mbaazi siku zote hizo. Akanywa kimoja. Akanywa cha pili. Akainuka atoke nje, akachelewa.

Pruuu!

Kuku wakatawanyika. Mama mkwe akatazama makuti ya paa.

"Haya, Machano," akasema Bi Mwanakheri, "mkubwa katangulia. Adabu ni kumfuata."

Machano akafuata. Akafuata kwa kitambo kirefu. Jioni akala, siku ya saba akatoka kamshika mkewe mkono, na wala hakuna aliyetaja shetani tena.

Basi, wajukuu, tumbo likijaa upepo, chemsheni mchaichai mnywe. Na nyinyi wakubwa, msipotaka watoto wa watu wafe kwa haya, tangulieni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayejibana, mlango ule pale.