Kindi, Nyati na Kadi Iliyokimbizwa

Wewe uliyekaa hapo mbele, hebu nijibu: ungekuwa na kompyuta moja tu duniani, na kazi unaitaka leo, ungeikimbiza mpaka itoe moshi, au ungeiacha iende mwendo wake?

Usinijibu haraka. Sikiliza kwanza.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba, wakichemsha chai na kuandika barua za kuomba kazi, Kindi aliishi na mama yake. Kindi alikuwa na digrii ya kuchora picha za kompyuta. First class! Digrii imo kwenye bahasha, bahasha imo chini ya godoro, mwaka wa nne sasa. Godoro ndilo lililofaidi elimu.

Siku moja Bwana Kiboko, mkubwa wa Ofisi ya Mto, akabandika tangazo. Anataka mchoraji mmoja wa kuonyesha kwa picha zinazotembea jinsi mto utakavyofurika, ili wakazi wa bondeni wahame mapema. Kila mwombaji aje na kompyuta yake. Atakayekuwa wa kwanza kumaliza picha, kazi ni yake.

Waombaji wakabaki wawili: Kindi, na Nyati, mpwa wa Bwana Kiboko. Msiniulize kiboko anapataje mpwa nyati. Kwenye ajira undugu hupatikana.

Sasa, ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha, kile kibao kinachochora vitu kwenye skrini. Ya Nyati ilikuwa nene kama tofali, ina feni tatu. Ya Kindi ilikuwa ile ya bei rahisi kuliko zote dukani, na feni yake moja.

"Mama," Kindi akasema jioni ile, "niiovakloki?"

"Uifanye nini?"

"Niilazimishe ikimbie kuliko alivyoipima aliyeitengeneza."

"Halafu?"

"Imalize mapema. Au ipate joto, izimike. Au iungue kabisa."

"Una nyingine?"

"Sina, mama."

Mama akagonga sufuria yake jikoni. Ngo, ngo! "Hii ni nyembamba. Nikiupepea mkaa sana, wali unaungua chini, juu bado mbichi. Kwa hiyo napika taratibu. Jirani ana sufuria nene. Mwache apepee mpaka achoke mkono."

Kindi akaitazama sufuria ile. Kisha akacheka peke yake, hii hii hii!

Asubuhi wakakutana ofisini. Wakazi wa bondeni wamejaa dirishani, maana nyumba zinazongoja maji ni zao.

Nyati akaingia na kompyuta yake ikiwa bado ndani ya nailoni ya dukani, na juu yake kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Kwao kila kitu cha thamani huvalishwa: redio, friji, hata birika.

"Kompyuta yako iko uchi, we kadogo," Nyati akasema. "Huna haya?"

"Shikamoo, kaka," Kindi akajibu kwa upole.

Wakaanza. Kindi akachomeka kipande cha karatasi ngumu karibu na feni yake. Trrrrrrrr! Ofisi nzima ikageuka.

"Hiyo nini?" Nyati akashtuka.

"Nimeiovakloki, kaka. Nimeongeza thelathini kwa mia."

"Kadi ya bei chee hiyo?"

"Hiyo hiyo. Ya kwako si ina misuli? Au mjomba alikununulia boksi tupu?"

"Fyuuu!" Nyati akapuliza pua. Akaingia kwenye settings, akapandisha thelathini na tano.

"Arobaini!" akasema Kindi, akiisogeza karatasi. TRRRRRR!

"Hamsini!"

"Mpe, mpwa wangu!" Bwana Kiboko akapiga makofi. "Mpe moto!"

"Kaka," Kindi akasema, na hapo hakuwa na utani, "vua basi hiyo nailoni. Na kitambaa. Haipumui."

"Nivue kitambaa cha mama yangu? Mbele za watu? Ungekuwa na mama anayejua kufuma usingesema hivyo!"

Akapandisha tena. Harufu ikaja. Kisha vuuuu, vuuuu... tii! Skrini nyeusi. Nailoni ikayeyuka, ikashikana na maua mekundu.

Kindi akachomoa karatasi yake. Ile trrrr ikakatika.

"Mbona yako imetulia?" Nyati akauliza.

"Haikukimbia hata kidogo, kaka. Ilikuwa karatasi tu, inagonga feni."

Dirishani wakacheka mpaka Mama Sungura, mmoja wa wakazi, akakaa chini. Kindi akafungua dirisha lililokuwa upande wake, upepo uingie, akatoa kipande cha muhogo, akala. Picha yake ikafika sitini kwa mia. Sabini. Muhogo ukaisha. Tisini. Adhuhuri, mia! Mto ukapanda kwenye skrini, ukavuka daraja, ukaingia bondeni nyumba kwa nyumba.

"Kwangu maji yanafika lini?" Mama Sungura akauliza.

"Alhamisi, mama. Hamia mlimani Jumatano."

Bwana Kiboko, ambaye mafuriko kwake ni bafu tu, akakohoa. "Hongera. Ila sorry, nafasi hii inahitaji uzoefu wa miaka mitano."

"Haaa!" wakazi wakapiga kelele. "Na mpwa wako anao?"

Kiboko akatazama dirisha lililojaa, akatazama kompyuta inayonuka. Akachukua muhuri. Pah! Kindi akaajiriwa.

Anayekijua kikomo cha kifaa chake humshinda anayejivunia ukubwa wa kifaa alichopewa.

Na ninyi wenye mihuri, ninyi mnaobandika matangazo huku jina la mpwa limo tayari kwenye faili: acheni kutudai uzoefu mliotunyima wenyewe. Wekeni mtihani hadharani, na anayeushinda mpeni barua ya kazi siku hiyo hiyo.