Nguchiro na Gogo la Mlango wa Uani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nyumba ya wageni ufukweni, mbele bahari, nyuma kilima. Mwoga ajifunike kanga, masikio ayaache wazi."

Mwenye nyumba alikuwa Fisi. Nguvu anazo, meno anayo, na tumbo lake halijui kutosheka. Mlango wa uani, wa kutokea kilimani, aliuziba kwa gogo zito, wageni wasije wakapanda kula kwa Nyani, jirani yake wa kule juu. Na wageni wenyewe, Mbweha na wanawe, Ngiri na ndoo yake, na Nguchiro, walikuwa watu wa bara. Bahari ndiyo kwanza waione. Kwao ni aibu mgeni kuchungulia uani kwa mwenyeji. Wakakaa mbele, wakasifu upepo.

Nguchiro aibu hiyo hana. Hata mzigo hajautua, keshafika uani. Akalisukuma gogo, wapi! Hapo akamwona Kaa mlangoni pa shimo lake.

"Shikamoo, Kaa. Bahari hii ikichafuka, mnakimbilia wapi?"

"Marahaba. Ardhi ikitikisika, maji yakirudi nyuma, usiokote samaki. Panda kilima."

Nguchiro akarudi mbio. "Bwana Fisi, liondoe lile gogo."

"Mgeni gani wewe, kupekua uani kwangu? Utataka na chumba cha mke wangu?"

Wageni wakacheka, kwa-kwa-kwa! Nguchiro akacheka nao, lakini usingizi haukumjia.

Asubuhi, ndi-ndi-ndi, ardhi ikatetemeka. Kisha kimya. Kunguru hata mmoja haonekani. Bahari ikajivuta, fyuuuu, ikaenda, ikaenda, mwamba ukabaki uchi na samaki wanarukaruka, pwata-pwata.

"Okoteni!" Fisi akanguruma. "Wakubwa wangu, wadogo wenu!"

Ngiri akateremka na ndoo. Mbweha akawaita wanawe. Nguchiro akawaza. Aseme maji yanarudi? Jana walimcheka, leo watamcheka hadi yawafike shingoni. Na kule mbali mstari mweupe umeshasimama. Gogo nalo, hakuna wa kulitoa ila Fisi.

Akamnong'oneza Fisi, mnong'ono wa kusikika ufuo mzima: "Bwana, unahangaika na miiba? Nyani anachinja ng'ombe kilimani. Kasema, Fisi tu asiambiwe."

"Nisiambiwe mimi?"

Fisi akalirukia gogo. Kriii! Puu! Mlango wazi. Fisi mbio, Mbweha na wanawe mbio. Nguchiro akasimama mlangoni.

"Ngiri, njoo!"

"Nakuja! Huyu mmoja tu."

"Ngiri!"

"Mmoja tu!"

Bahari ikasema ngurururu. Nguchiro akapanda, hakugeuka. Akasikia ndoo ikigonga mwamba, ngo! Hakusikia tena.

Juu, Fisi anahema. "Ng'ombe yuko wapi?"

Nguchiro akamwonyesha chini. Ufuo haupo. Paa la nyumba linazunguka majini kama ungo.

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, bwana. Shuka ukanishitaki."

Fisi akayatazama maji. Akakaa kitako.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, temeni nje, si kwenye mkeka wangu.

Na funzo lake, wanangu: uongo ni dhambi. Nguchiro angesema kweli, wote wangekufa na heshima zao. Tena mkienda kutembea pwani, msiulizeulize njia za uani kwa watu, mtaonekana hamkulelewa. Ngiri hakuuliza, na mpaka leo hakuna aliyemsema vibaya.