Kufuli la Banda la Kuku

Watu wakimshuku mtu uchawi, huwaficha watoto wao akipita. Waliotutangulia waliona mbali zaidi. Walishauri umkabidhi mwanao huyohuyo unayemshuku, tena hadharani, kwa kuwa anayejua macho yote yapo juu yake ndiye atakayehangaika mtoto asipate hata mafua. Dada mmoja mpiga pasi alifundishwa maana hiyo shuleni akaandika na mfano daftarini. Alikuja kuielewa ukubwani, kwa sababu ya kuku.

Mama yake alipofariki aliacha kitanda, cherehani mbovu na kuku kumi na wawili. Binti akahamia katika nyumba ile ili isigeuke gofu. Kumi na mmoja kati ya kuku hao walikuwa kuku kama kuku wengine. Wa kumi na mbili alikuwa mtetea wa kijivu mwenye kishungi, ambaye mama alimtaja hata siku ya mwisho hospitalini. "Yule wa kijivu..." alisema kwa sauti nyembamba kama uzi, kisha akapitiwa na usingizi, na sentensi ile haikumalizika tena. Tangu hapo binti alimtunza kuku yule kama amana. Kila alipomsikia akitetea uani, alihisi mama yuko chumba cha pili anatafuta miwani.

Jirani yake alikuwa mlinzi wa bohari, na mtaa mzima ulimwita Mlinzi. Alifanya kazi usiku, akalala mchana. Alikuwa bonge la mtu, mchache wa maneno, mwenye macho mekundu kama makaa. Siku ya kwanza binti alipohamia, jirani huyo alichungulia juu ya ua akasema, "Dada, jogoo wako ana mdomo. Iko siku nitamtia sufuriani." Kama alikuwa anatania, uso wake haukuwa umearifiwa.

Binti hakulala na neno hilo. Asubuhi yake alinunua kufuli. Marehemu mama alikuwa akiwaachia kuku wazunguke uani kutwa nzima, lakini binti aliona heri lawama kuliko hasara. Akawafungia bandani, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kazini.

Wiki moja baadaye alirudi jioni akamkuta yule wa kijivu amejikunyata pembeni mwa banda. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yameng'olewa, na nyama ilionekana mbichi, upana wa kiganja cha mtoto. Juu ya waya wa banda ilining'inia kandambili moja ya mguu wa kushoto, kubwa kiasi cha kumlaza paka.

Mguu wa namna ile, mtaani pale, ulikuwa mmoja tu.

Binti alikaza meno kama anayemeza kidonge kikavu. Alikisafisha kidonda, akakipaka dawa nyekundu aliyonunua dukani, akamrudisha kuku kwa wenzake. Kesho yake jioni kidonda kilikuwa kikubwa zaidi. Akapaka tena dawa, akaongeza kufuli la pili. Siku iliyofuata kilikuwa kikubwa kuliko jana yake. Akazungushia banda magunia ili Mlinzi asipate hata pa kuchungulia. Kadiri alivyozidi kufunga banda, ndivyo kidonda kilivyozidi kufunguka.

Alinyunyiza majivu mbele ya mlango wa banda ili anase nyayo. Jioni majivu yalikuwa laini kama yalivyomwagwa, na kuku alikuwa na damu mbichi. Badala ya kutulia, binti alizidi kuogopa. Mtu asiyeacha nyayo si mtu wa mchezo.

Hapo ndipo shangazi alipofika na habari kwamba mdogo wake binti amejifungua kwa upasuaji na anahitaji mtu wa kumhudumia kwa siku nne.

"Nitaendaje, shangazi?" binti alilalamika. "Nikiondoka, nikirudi nitakuta manyoya."

"Anayemdhuru unamjua?"

Binti alielekeza kidevu upande wa ua wa jirani, kisha akaonyesha kandambili. Shangazi aliipima kwa macho, akaguna.

"Hiki si kiatu, hiki ni mlango," alisema. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mpe yeye."

"Nani?"

"Huyohuyo. Umkabidhi mbele yangu na mbele ya mama muuza mkaa, ambaye mdomo wake unafika kabla ya miguu. Kuku akifa, mtaa mzima utajua nani wa kuulizwa. Naye atalijua hilo kabla yetu."

Jioni ile Mlinzi aliitwa. Alisimama uani akijikuna shingo, huku mama muuza mkaa akiwa ameegemea ua, masikio wazi.

"Baba," shangazi alimwambia kwa upole wenye miiba, "tunakuachia funguo hizi na kuku hawa. Huyu wa kijivu ni kumbukumbu ya marehemu. Anaumwa, kama unavyojua."

"Kama ninavyojua?" Mlinzi aliuliza.

"Ndiyo, kama unavyojua," alidakia binti.

Mlinzi aliwatazama wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine. Jasho lilimtoka puani. "Mungu wangu," alisema, akapokea funguo kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Huko alikokwenda, binti alimwogesha mdogo wake, akabembeleza kichanga, lakini roho yake ilikuwa bandani. Siku ya tatu hakuvumilia. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuanza kutembea, na mama mkwe wake amefika kumsaidia. Binti akaaga, akarudi bila kumwarifu mtu. Alitaka kumfumania.

Alipoingia uani saa nne asubuhi, moyo ulimpasuka paa! Makufuli yote mawili yalikuwa wazi, magunia yamechanwa, banda halina hata kuku mmoja. Na kutoka dirishani kwa jirani ilitoka harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Aliugonga mlango wa Mlinzi kwa ngumi mbili. "Toka! Toka na sufuria lako!"

Mlinzi alifungua akiwa na mwiko mkononi na macho mekundu kuliko siku zote. "Shh, dada," alinong'ona. "Ndiyo kwanza amepata usingizi."

Pembeni mwa sebule kulikuwa na boksi kubwa lenye maranda. Ndani yake kuku wa kijivu alikuwa amefumba macho, mgongo wote umepakwa ile dawa ya zambarau ya vidonda vya watoto mdomoni. Kidonda kilikuwa kimekauka pembezoni. Sufuriani kulikuwa na mayai.

"Wengine wako wapi?"

"Nyuma ya nyumba yangu. Nimewafungulia."

Binti alitazama kupitia mlango wa nyuma. Kuku walikuwa wametawanyika kote, wawili wakioga mavumbi, wengine wakirukia kabeji iliyoning'inizwa kwa kamba. Hakukuwa na ugomvi.

"Mwizi wako nimemshika," Mlinzi alisema. "Ana miguu miwili na mdomo mmoja. Siku ya kwanza niliketi kwenye kigoda mbele ya banda, sikulala. Mitetea yako ilimzunguka huyu ikamdonoa palepale penye wekundu. Umewabana gizani kutwa, joto, chombo kimoja cha pumba. Kuku akikosa nafasi na kazi, humla mwenzake. Na wewe kila siku unampaka dawa nyekundu, kama mtu anayewaonyesha mahali pa kudonoa."

"Na kandambili?"

"Yangu. Siku hiyo nilisikia kelele, nikachungulia, nikawaona wanamrarua. Mlango una kufuli. Ningefanyaje? Nikawarushia iliyokuwa mguuni."

Binti alikaa kitini bila kukaribishwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?" Mlinzi aligeuza mayai. "Mpaka uliponikabidhi, sikuwa na neno. Ulipokwisha kunikabidhi, sikuwa na usingizi. Kazini nilimwogopa kuku huyu kuliko mkubwa wangu. Akifa, nani angenisikiliza, na yule muuza mkaa amesimama pale? Na nisingependa Karani afe mikononi mwangu."

"Nani Karani?"

"Mama yako alimwita hivyo. Kila asubuhi nikirudi kutoka kazini, kuku huyu alikuja mpaka mlangoni kwangu, anatazama huku na huku kama anaandika mahudhurio. Mama alicheka. Akaniambia, 'Jirani, yule wa kijivu hapendi kufungiwa.'"

Sentensi ya hospitalini ilikuwa imekaa kwa jirani wakati wote huo, ng'ambo ya ua ambao binti aliukwepa. Alitia mkono mfukoni akitafuta leso, akagusa ufunguo wa akiba wa lile kufuli. Aliyekuwa akimdhuru kuku wa mama alikuwa na ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.

Boksini, Karani alifumbua jicho moja, akawakagua wote wawili, akalifumba. Siku ya kumi alirudi kwa wenzake, na asubuhi yake alivuka ua kwenda kusimamia mahudhurio ya jirani. Makufuli yaliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama muuza mkaa alipouliza imekuwaje mtu wa sufuria akawa mganga wa kuku, binti alimjibu kwa maneno manne tu: mchawi mpe mwana kulea.